Msumeno wa kupiga kona za 45: kagua besi, wati baadaye

Malalamiko ya mafundi wa Ngamiani ni yale yale: msumeno mpya, nguvu unayo, ila fremu ikifungwa kona zinaachia. Madukani hapa Tanga utasifiwa wati mpaka uchoke. Kwa mbao za inchi moja au mbili, msumeno wa mkono wa diski ya mm 185 au 190 unakata bila shida. Kinachoharibu kona ni besi, lile bamba linaloteleza juu ya mbao. Lisipokuwa sambamba na diski, meno ya nyuma yanakwangua palipokwisha kukatwa. Mbao inaungua na msumeno unavuta pembeni. Ubao wa mm 100 ukikatwa nyuzi 45 una uso wa mm 141. Kiungo kikikosea nyuzi moja tu, mwanya unafika mm 2.5, na gundi haiufichi.

Basi kabla ya kulipa, plagi ikiwa nje, shusha diski hadi mwisho. Pima kwa rula ya chuma kutoka ukingo wa besi hadi mwili wa diski, mbele na nyuma, usiguse meno. Tofauti ikizidi nusu milimita, rudisha. Pandisha diski, laza besi juu ya kioo cha kaunta: ikicheza, rudisha. Kisha laza diski kwenye 45, kaza skrubu na uitikise besi kwa mkono. Haitakiwi kusogea hata kidogo.

Namba moja kwangu ni Makita 5007MG, wala sifichi. Besi yake ni ya magnesiamu, ngumu, na ina vituo vya kuisimamisha kwenye nyuzi 22.5 na 45. Bosch GKS 190 inafuata. Ipime upya kila ikianguka. Za bei chee ni za kenchi za paa.

Ongeza diski ya meno 60, hasa kwa mninga au mtiki wa Longuza, shamba la miti kule Muheza. Uso mzuri wa ubao ukae chini, maana meno yanapanda na kuchana juu. Skwea ya kuongoza msumeno ibanwe kwa jiliwa, isishikwe kwa mkono.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaokataa boksi lisifunguliwe, halafu wanachomeka umeme usikie mlio, eti ndiyo kujaribu. Mlio hauonyeshi besi iliyopinda! Waweke msumeno mmoja wazi kaunta, na rula pembeni.