The Wind Rises: uzuri wa ndege na swali la bunduki

Filamu hii ya katuni ya Hayao Miyazaki (2013, dakika 126) inamfuata Jiro Horikoshi, mhandisi wa Mitsubishi aliyesanifu ndege ya kivita ya Zero. Anayetafuta mapigano ya angani atachoka mapema. Utamu wake uko kwenye meza ya kuchorea.

Tazama ribiti, vipini vya chuma vinavyounganisha mabati ya ndege. Vichwa vyake vikichomoza juu ya bati, hewa inajikwaa na mwendo unapungua. Jiro anavizamisha mpaka bati liwe laini. Au mabawa ya Ka-14, ndege ya majaribio ya 1935: yanashuka kidogo kutoka ubavuni kisha yanapanda, hivyo miguu ya magurudumu, ambayo haikunjwi, inaweza kuwa mifupi. Ufundi huu unaonekana kwa macho, huhitaji kuwa fundi kuufuata. Na ndege hiyohiyo ya kisasa inakokotwa na maksai kwenda uwanjani, jambo ambalo Mitsubishi ilifanya kweli.

Kisha linakuja suala la uzito. Jiro anawaambia wenzake kwamba tatizo lingeisha kama wangeacha kuweka bunduki. Chumba kizima kinacheka, na kazi inaendelea. Hakuna hotuba inayouzidi utani huo: kila aliyemo anajua ndege ni ya nini, na hakuna anayeweka penseli chini.

Pale filamu inapolizungumzia swali hilo la bunduki waziwazi, inalegea. Ndotoni, Caproni, msanifu wa ndege wa Kiitaliano, anamuuliza Jiro kama angechagua dunia yenye piramidi au isiyo nazo. Swali zuri, ila waliobeba mawe hawaonekani. Wakorea waliolazimishwa kufanya kazi katika viwanda vya Mitsubishi wakati wa vita hawamo, wala Wachina wa Chongqing, ambako Zero iliingia vitani mara ya kwanza mwaka 1940. Mapenzi ya Jiro na Nahoko, mgonjwa wa kifua kikuu, yametoka kwenye riwaya ya Tatsuo Hori, si katika maisha ya Horikoshi. Yanagusa moyo, lakini yanakula nafasi ambayo swali hilo lingeihitaji.

Itazame kwa Kijapani, yenye tafsiri ya maandishi. Hideaki Anno, ambaye kazi yake ni uongozaji, anampa Jiro sauti isiyopanda wala kushuka, ya mtu aliyezama kwenye hesabu. Vaa spika za masikioni: ngurumo za injini na tetemeko la ardhi la Kanto, eneo la Tokyo, la 1923 zimetengenezwa kwa midomo ya watu. Sauti yote ni ya mkondo mmoja (mono), kwa hiyo spika nyingi za sebuleni hazitakuongezea kitu.