Fayette, Michigan: mji wa tanuru za chuma uliogeuzwa hifadhi

Fayette ni mbali. Iko kwenye rasi ya Garden, kaskazini mwa Michigan huko Marekani, na ukishaiacha barabara kuu ni mashamba na misitu tu mpaka ufike. Hata hivyo, kwa anayependa historia ya kazi za mikono, namwambia aende. Hapa huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini mji ulijengwa mahali hapa, unajionea.

Simama gatini ugeuke polepole. Jabali jeupe la mawe ya chokaa limeikinga bandari ndogo ya Snail Shell, na nyuma yako kuna msitu. Miti ilichomwa mkaa, mawe ya chokaa yakatiwa tanuruni ili yanase uchafu wa chuma, na madini ya chuma yakaletwa kwa meli kutoka bandari ya Escanaba. Kampuni ya Jackson Iron iliwasha tanuru mwaka 1867. Zilipozimwa mwaka 1891 zilikuwa zimetoa zaidi ya tani 229,000 za chuma ghafi. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, soko la chuma kilichoyeyushwa kwa mkaa limeanguka, na watu wakahama.

Tanuru mbili za mawe bado zimesimama, na mimi hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Ingia chini ya tao uyatazame yale mawe kwa karibu, halafu fikiria joto walilolivumilia vibarua zamu hadi zamu. Ufukweni mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha madini, yametapakaa mpaka leo, vipande vinavyong'aa kama chupa, vingine vya samawati, vingine vya kijani. Tafadhali viache palepale, na wengine wavione.

Kingine kilichonigusa ni nyumba. Ya msimamizi ni kubwa na inaitazama bandari. Vibarua, wengi wao wahamiaji, waliishi kwenye vibanda vya magogo, na kimoja kimejengwa upya ili uone familia ilivyobanana. Mji wa watu 500 hivi, na kila mtu alijua nafasi yake kwa kuangalia paa lake.

Kiingilio ni cha gari, si cha kichwa. Nenda majira ya joto, majengo yakiwa wazi, na uanzie kituo cha wageni kwenye mfano mdogo wa mji mzima. Vaa viatu vya kutembelea na ubebe chakula chako.