Gazeti la pinki: uzoefu wangu na Financial Times

Niliiona Financial Times kabla sijajua kwamba ni gazeti, la London, la habari za fedha na biashara. Nyumbani kwetu Muleba, mama alitandika kabati la vyombo kwa karatasi za pinki iliyopauka ambazo baba mdogo alizichukua kwenye ndege. Zilijaa tarakimu ndogondogo kama siafu. Mwaka 2018 nilipoajiriwa Bukoba na wasafirishaji wa kahawa nje ya nchi, nikazikuta tarakimu zilezile kwenye kompyuta. Usajili unalipiwa na ofisi, na nashukuru, maana bei yake ni ya mtu anayelipwa kwa pauni.

Robusta yetu ya Kagera hufuata soko la London, dola kwa tani. Arabika ya wenzetu wa Moshi hufuata New York, senti kwa ratili. Bei hizo siku hizi unazipata bure kwenye simu. Ninachokifuata mimi kwenye gazeti ni sababu yake. Mwaka 2024 robusta ilipovuka dola 5,000 kwa tani, mzee mmoja alikuja na gunia lililobaki la maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa. Mengine yote alishayauza yakiwa bado mtini, ndiyo tunaita butura. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo bei imepanda lini?" Nikamweleza habari za ukame wa Vietnam. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo wao walijua." Sikuwa na jibu.

Historia ya gazeti lenyewe ina kituko kimoja ninachokipenda. Lilianza London mwaka 1888, kurasa nne tu, likijinadi kuwa rafiki wa mwekezaji mwaminifu na dalali mwenye heshima, bila woga wala upendeleo. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Horatio Bottomley. Bwana huyo, akiwa ameshaachana na gazeti siku nyingi, alihukumiwa mwaka 1922 kifungo cha miaka 7 kwa kuwatapeli watu wa kawaida waliomkabidhi akiba zao. Rangi ya pinki ilikuja mwaka 1893, ili mnunuzi alitofautishe na mpinzani wake, Financial News. Wapinzani hao waliungana mwaka 1945. Tangu 2015 mwenye mali ni Nikkei, kampuni ya habari ya Japani, iliyolinunua kwa pauni milioni 844. Na ukisikia redioni FTSE 100, kipimo cha hisa za makampuni 100 makubwa kwenye soko la London, imepanda au kushuka, zile herufi FT ni zake.

Sasa nije kwenye lililonifanya nibaki. Januari 2019 gazeti lilianza kuchapisha habari za hesabu zenye walakini katika ofisi ya Singapore ya Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani iliyokuwa imeingia DAX mwaka uliotangulia, kwenye safu ya makampuni 30 makubwa ya huko. Waandishi hawakuishia kwenye makaratasi. Waliifuata anwani ya mshirika mmoja wa kampuni hiyo Ufilipino, wakakuta nyumba ya familia! Na msimamizi wa masoko wa Ujerumani alifanya nini? Alipiga marufuku kwa miezi miwili kubashiri kushuka kwa hisa za Wirecard, kisha akawashtaki waandishi wawili wa gazeti kwa waendesha mashtaka. Juni 2020 ikabainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino hazipo. Kampuni ikafilisika wiki hiyohiyo.

Nilizisoma habari hizo kwa uchungu wangu binafsi. Kabla ya hapo nilikuwa nimetia laki nane kwenye mpango mmoja, jina nalihifadhi, ulioahidi faida ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nililipwa, wa pili nikaongeza, wa tatu nikakuta mlango una kufuli na watu wamesimama nje wakipiga simu zisizopokelewa. Kumbe swali lilikuwa dogo tu: hizo hela ziko wapi, na nani ameziona?

Kingereza chake kigumu, hasa Lex, safu ya uchambuzi wa makampuni na masoko, ambayo ni fupi na imekazwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naisoma mara mbili na bado natoka mtupu. Habari za Afrika zipo, ila nyingi ni za madeni ya serikali na migodi; mkulima humwoni mara kwa mara. Toleo la Jumamosi ni dunia nyingine kabisa, lina yale mahojiano ya mezani ambapo mwandishi anakula na mgeni wake kisha bili inachapishwa. Nilianza kwa kuicheka hiyo bili. Siku hizi ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Kwa bei ya kahawa peke yake, usilipie. Kama kuna mtu ofisini atakayekaa asubuhi akasoma, lipieni akaunti moja, msomeane. Mama naye bado anauliza zile karatasi zitakuja lini. Kabati limechakaa.