Vyombo vya jikoni vya bei nafuu: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mtu anayeanza maisha akishika laki moja ya kununulia vyombo, mara nyingi hukimbilia blenda. Imo kwenye boksi zuri, inang'aa, na wageni wataiona. Akifika nayo nyumbani anaendelea kukata vitunguu kwa kisu cha elfu moja ambacho hata nyanya iliyoiva inakigomea.

Hapa nimepanga vyombo kwa kipimo kimoja tu: kwa kila shilingi unayotoa, unapunguziwa dakika ngapi za kusimama jikoni, na mkaa au gesi kiasi gani. Nazungumzia siku ya kawaida ya ugali, maharage, mboga za majani na wali. Siku ya Idi au Krismasi ina hesabu zake. Bei ni za kukadiria kwa meza na maduka ya Kariakoo. Mikoani ongeza nauli ya mzigo, na kwenye duka lenye kiyoyozi ongeza pesa ya kiyoyozi.

Nafasi ya kwanza: kisu kimoja cha maana na kinoo chake

Karibu kila chakula chetu huanza kwa kukata. Kitunguu, nyanya, karoti, bamia, sukuma wiki iliyokunjwa fungu na kukatwa nyembamba kama nyuzi. Kisu butu kinakuchelewesha, tena ndicho kinachokata vidole zaidi, maana unakikandamiza kwa nguvu hadi kinateleza.

Tafuta chenye bapa la sentimita 15 hadi 20. Kigeuze utazame mpini: chuma kiende mpaka mwisho wa mpini na kibanwe kwa ribiti mbili au tatu. Kile ambacho bapa lake limechomekwa tu kwenye plastiki, siku ya kupasua boga utabaki na mpini mkononi na bapa ndani ya boga. Kisha tazama makali ukiyaelekeza kwenye mwanga. Yawe mstari mmoja usio na vijino wala mawimbi. Vile visu vyenye meno ya msumeno vinavyouzwa kuwa "havinolewi maisha" viache. Kweli havinolewi, na makali yakiisha yameisha.

Kwa msimbazi mmoja (elfu kumi), au mmoja na nusu, unapata kisu cha kukaa nacho miaka. Seti ya visu sita ndani ya kibanda cha mbao kwa elfu ishirini ni mapambo. Vitano hutavigusa, na cha sita hakitakuwa na ubora wa hiki kimoja.

Nusu ya pili ya nafasi hii ni kinoo, jiwe la pande mbili la elfu tano hivi. Liloweshe maji, anza na upande wenye chembe kubwa, malizia na ulio laini. Bapa lilale kiasi kwamba mgongo wa kisu umeinuka juu ya jiwe kwa unene wa kidole cha mwisho, yaani pembe ya kama nyuzi 15 hadi 20. Vuta mara kumi upande huu, mara kumi ule. Siku ukiwa huna jiwe, pindua kikombe cha udongo: ile duara ya kitakoni isiyopakwa rangi inarudisha makali ya kutosha kumaliza mboga. Yule fundi anayepita na baiskeli anasaidia sana kisu kilichokwisha kabisa, ila gurudumu lake hula chuma, usimwite kila mwezi. Ngazi ya saruji nayo iache ipumzike.

Ukinunua kisu nunua na kibao cha mbao, au viwili kama unakata nyama mara kwa mara. Kibao cha kioo kinapendeza kwenye picha lakini kinaua makali kwa siku chache.

Nafasi ya pili: sufuria ya presha

Kwa nyumba inayopika maharage mara mbili kwa wiki, hiki ndicho chombo kinachorudisha pesa yake haraka kuliko vyote. Nimekiweka cha pili kwa sababu moja tu: bei. Ya alumini ya lita 5 huanzia elfu 45, na za lita 7 hufika elfu 80 au zaidi. Kwa watu wanne lita 5 zinatosha. Ukipika makande au makongoro ya familia nzima, chukua lita 7.

Siri yake haina uchawi. Mvuke ukibanwa ndani, maji hayachemki tena kwenye nyuzi joto 100, hupanda hadi karibu 120. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 15 hadi 20 baada ya presha kushika. Yasiyolowekwa, dakika 35 hadi 45. Makongoro ambayo kwa sufuria ya kawaida yangekula mchana wako wote, huiva kwa saa moja hivi. Magadi unayasahau kabisa. Na kama unaishi Mbeya, Njombe au Nairobi, chombo hiki kinakufaa kuliko mtu wa pwani: kwenye miinuko hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana maharage ya huko yanagoma kuiva hata ukiyachochea moto mchana kutwa.

Shangazi zetu wanaiogopa, na hofu yao ina msingi. Presha inayoleta balaa mara nyingi ni iliyoziba kitundu, iliyojazwa kupita kiasi, au iliyofunguliwa kwa nguvu kabla mvuke haujaisha. Kwa hiyo ukiwa dukani usione haya, ifanyie ukaguzi palepale kwenye kaunta:

Funga mfuniko, shika mikono yote miwili, utikise. Mfuniko usicheze. Toa ule mpira mweusi au mweupe wa ukingoni, uminye kwa ukucha; ukiacha alama isiyorudi, mpira umezeeka dukani. Ng'oa kile kidude kizito cha juu kinachopiga filimbi, kisha tazama kitundu chake kwenye mwanga, uone upande wa pili. Mwisho tafuta tundu la pili lenye kifungo kidogo cha chuma au mpira. Hiyo ndiyo valvu ya usalama, inayopasuka au kufyatuka ikiwa njia ya kwanza imeziba. Isiyo na valvu ya pili usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Halafu uliza: "Kaka, mpira wa akiba wa hii upo?" Akijibu kwamba hautaharibika, nenda duka la pili. Utaharibika. Ni mpira, na unakaa kwenye moto.

Nyumbani, usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage, dengu au choroko ishia nusu, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba kitundu. Kijiko cha mafuta hupunguza povu. Presha ikishika, punguza moto. Filimbi inayolia mfululizo ni gesi yako inayotoka dirishani. Tui la nazi lingoje mpaka umefungua, uunge kwa moto mdogo bila mfuniko. Mfuniko ukigoma kufunguka, mvuke bado umo ndani. Ngoja.

Ipo na ya umeme, inayoanzia laki moja na kitu. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufika huko ifikapo 2034, na majiko ya aina hii yametajwa sana tangu hapo. Watu huogopa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini presha ya umeme hujizima yenyewe joto likitosha na kuwaka tena likishuka, hivyo chungu cha maharage hakifiki uniti moja. Kama kwako umeme haukatiki sana, na una hiyo laki, ruka ile ya alumini ununue hii. Kama unakatika kila jioni, unajua mwenyewe.

Nafasi ya tatu: kikwaruzio

Elfu tatu hadi saba. Cha pande nne, chuma kisichoshika kutu, chenye mshikio juu. Wengi hukijua kwa karoti za pilau na kachumbari ya kabichi, lakini kazi yake kubwa ni nyanya. Kata nyanya vipande viwili, kwaruza upande wa nyama, ganda libaki kiganjani. Dakika mbili una rojo la mchuzi bila umeme na bila jagi la kuosha. Tangawizi na kitunguu saumu hupita upande wa matundu madogo. Cha bati jepesi kinachopinda ukikiminya kiache, maana kitapinda na karoti ikiwa ndani.

Nafasi ya nne: kapu la kuhifadhi moto

Hiki unaweza kukitengeneza mwenyewe. Kapu la ukindu lenye tumbo pana, ndani limezungushiwa sponji au blanketi kuukuu na kushonewa khanga, na mto mnene wa kufunikia juu. Chakula kikichemka sawasawa, unakitoa motoni kikiwa na mfuniko wake, unakizika humo, kinaendelea kuiva kwa moto wake chenyewe. Mchele uliochemka dakika tano huwa wali baada ya kama saa moja. Hautakuwa na ukoko wala ladha ya wali uliopaliwa mkaa juu ya mfuniko, hilo nalisema mapema. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwanza kwa nguvu dakika 15 au 20, ndipo yaingie kapuni kwa saa tatu au nne. Hatua hiyo ya kuchemsha usiiruke, hasa kwa maharage mekundu: yakiwa hayajachemka vizuri yana sumu ya asili inayotapisha, na joto la kapu peke yake haliiondoi.

Sufuria iwe imejaa angalau nusu, vinginevyo joto halitoshi. Hotpoti za dukani zinafanya kazi nyingine, kutunza chapati zisikauke, na hapo ni nzuri.

Nafasi ya tano: blenda

Sasa tumefika. Si kwamba blenda ni mbaya. Mwenye kiu ya juisi ya parachichi kila jioni, au anayepikia mtoto mdogo, anaweza kuipandisha hadi nafasi ya tatu. Lakini kwa mchuzi wa nyanya kikwaruzio kimeshamaliza, na kwa nazi, genge lenye mashine ya kukunia lipo karibu kila mtaa wa Dar. Penye umeme wa shida, mbuzi ya kukalia bado haijapata mshindani. Kagua meno yake yawe makali na msumari wake usilegee, basi.

Ukiamua kununua, soma wati nyuma ya kitako. Zile za wati 300 zinatosha embe na papai. Vipande vya nazi au barafu vinataka 500 kwenda juu. Pindua jagi uone kile kigurudumu cha meno kinachoshikana na mota: cha plastiki laini ndicho kinachokufa kwanza, na blenda nyingi zilizotupwa juu ya kabati zimekufa ugonjwa huo tu. Uliza kama kinauzwa peke yake. Mwambie muuzaji aichomeke iwake mbele yako, uisikilize kwa mwendo wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Harufu ya kuungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Moshi si kawaida. Jikoni usiiendeshe zaidi ya dakika moja bila kuipumzisha.

Vya kuacha dukani

Sufuria za kusubu zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Ni imara, ni rahisi, na za kuchemshia maji ya kuoga hazina neno. Lakini aina hii ya vyombo, katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, imepimwa na kukutwa ikitoa madini ya risasi kwenye chakula, zaidi kikiwa na uchachu. Mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu upike kwenye sufuria ya kiwandani au ya chuma cha pua.

Flampeni nyeusi zisizogandisha za elfu nane. Ile rangi huanza kubanduka kabla hujazizoea. Kwa chapati chukua kikaango kizito cha chuma, kipake mafuta na kukichoma mara chache, na baada ya hapo hakigandi.

Na kile kikatio cha plastiki cha kuvuta kamba kinachotangazwa sana mitandaoni. Kwa kitunguu saumu na pilipili kinafaa. Kitunguu maji kinakiponda kikatoa maji, ukikitia kwenye mafuta kinachemka badala ya kukaangika, na pilau yako haitapata ile rangi. Kamba nayo ikikatika, hakuna fundi wa kuirudisha.