Forester yangu ilikaza kwenye kona, fundi akaanza na futikamba

Nina Subaru Forester ya 2004, otomatiki. Mwezi wa sita ilianza tabia ngeni: nikikunja usukani mpaka mwisho kuegesha pale Kongowea, Mombasa, gari linakaza kana kwamba nimekanyaga breki, kisha linarukaruka na mtikisiko unaingia hadi kitini. Nikirivasi, vilevile. Kilichonichanganya ni kuwa kwenye njia za mchanga za kwetu Utange lilikuwa zima kabisa. Nikigusa lami tu, ugonjwa huo.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, walilizungusha mara moja wakanipa jibu: giaboksi imekufa, lete elfu sabini ibadilishwe. Hawakuinama hata kutazama tairi. Usiku ule sikulala, maana pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya karo.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja wa Subaru kule Changamwe. Akaniambia, "Mama, giaboksi hatuigusi mpaka tujue nani anamvuta nani." Akauliza nimebadilisha nini karibuni. Nikakumbuka: mwezi wa nne nilipasukiwa na tairi, nikanunua mbili mpya, zikafungwa mbele. Akatoa futikamba, akazungushia kila tairi. Za mbele sentimita 208; za nyuma, zilizolika, 205. Subaru wenyewe hawataki tofauti izidi milimita 6 hivi. Yangu ilikuwa 30!

Akanieleza mpaka nikaelewa. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Forester otomatiki ina klachi mkiani mwa giaboksi inayopeleka nguvu nyuma, na kwenye kona klachi hiyo lazima iteleze kidogo. Isipoteleza, mbele na nyuma huvutana. Mchanga huachia, lami haiachii. Na tairi zisizolingana huisugua klachi hiyo hata ukienda moja kwa moja, safari nzima.

Kisha kikaja kipimo kilichonituliza moyo. Alifungua boneti, akachomeka fyuzi ya ampea 15 kwenye nafasi iliyoandikwa FWD, na taa ya herufi hizo ikawaka kwenye dashibodi. Hapo gari husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake. Tukazunguka duara, usukani umekunjwa wote: laini kabisa. Kumbe solenoidi, ile vali ya umeme inayoiongoza klachi, ni nzima na klachi inaachia. "Lingekaza hata na fyuzi ndani," akasema, "hapo ndipo ningekwambia tufungue mkia wa giaboksi."

Nilinunua tairi mbili nyingine za aina ileile ya zile mpya. Oili ya giaboksi ilikuwa imechafuka, akaimwaga na kujaza mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu kila ukimwaga hutoka karibu nusu tu.

Uchunguzi wenyewe alinitoza shilingi 2,000, na ningemlipa zaidi. Lakini nilifika saa mbili asubuhi nikaondoka alasiri, hapana hata benchi ya kukalia, na risiti niliiomba mara mbili. Siku tano za mwanzo gari likipata moto lilikuwa bado linakaza kidogo, nikaingiwa na hofu; akanisihi nivumilie. Jana nililikunja palepale Kongowea, injini ya moto, jua la saa saba, likazunguka kimya.