Mvinje kwa kijumba cha miti Malindi: wa paa, si wa kufukia

Anayejenga kijumba cha miti Malindi, mti wa kwanza kuonyeshwa ni mvinje. Hupandwa mashambani kote pwani ya Kilifi, hukua upesi na hunyooka. Kwa makombamoyo (miti ya paa inayoshuka kutoka kileleni), mtambaapanya (mti unaolazwa juu ya ukuta) na mwamba wa kilele cha paa tunausifu bila kusita. Kwa nguzo ya kufukiwa ardhini, usinunue.

Sababu ni mchwa. Wauzaji wengi hupaka mguu wa nguzo oili chafu na kusema imeshatiwa dawa. Ikate nguzo hiyo inchi chache kutoka mwisho uitazame: weusi umeishia juu juu, unene wa ganda la yai, na ndani mti ni ule ule. Mvinje ukikauka hupasuka kuelekea kiini, na mchwa hupandia ndani ya ufa huo, mahali oili haikufika. Kwa nje nguzo ni nzima. Ukiigonga inalia kama mzinga mtupu wa nyuki.

Nyumba ya futi 12 kwa 20 inataka nguzo za ukuta 12, unene wa inchi 5 au 6: tano kila upande mrefu, na moja katikati ya kila upande mfupi (za kubebea sakafu ni hesabu nyingine). Zikalishe juu ya misingi midogo ya zege iliyoinuka futi moja na nusu, kwa viatu vya chuma vilivyochovywa zinki. Mchwa akitaka kupanda hapo, itambidi ajenge njia ya udongo juu ya zege, nawe utaiona uivunje. Mchanga uwe wa mto Sabaki. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula chuma.

Unaponunua, bandua gamba kidogo. Ukiona unga mwembamba kama wa muhogo, mti umeshaingiwa na wadudu. Mizima iambue gamba wiki hiyo hiyo, paka rangi kwenye ncha ili isipasuke ovyo, kisha ilaze kivulini, isiguse ardhi, miezi miwili au mitatu. Ukiezeka juu ya mvinje mbichi, miti itajipinda na viungo vitalegea.

Ni mti mgumu mno: msumari ukipigwa hivi hivi huupasua. Toboa kwanza. Kombamoyo linapokutana na mtambaapanya, tia bolti ya milimita 12 yenye washa pana, nayo iwe imechovywa zinki.

Ubaridi wa nyumba hauletwi na mti bali na mkao. Malindi jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini: jua la asubuhi na la jioni litapiga zaidi kuta fupi, na pepo za kaskazi na kusi zitapata madirisha. Paa la makuti liinuke nyuzi 45. Likilala zaidi, maji hukawia na makuti huoza mapema, hata mvinje ulio chini yake uwe mzuri namna gani.