Kava za tableti zenye kibodi: ipi ununue, ipi uiache hapo hapo dukani

Ukifika Kariakoo ukatolewa kibodi ya kujaribu, usiandike "hello" kama wanavyoandika wote. Andika ng'ombe. Halafu andika ng'ang'ania. Hizi kibodi ndogo za bei rahisi batani zimebanwa ili zienee kwenye kava, sasa ya kwanza kutolewa kafara mara nyingi ni ile yenye kikoma cha juu, wanaihamishia kona nyingine huko mpaka ubonyeze pamoja na Fn, ile batani ya kushikilia ili nyingine ifanye kazi yake ya pili. Kwa mtu anayeandika Kiswahili kutwa nzima hiyo ni adhabu, maana kila ng'ombe, kila kung'oa, vidole vinasimama vinatafuta. Mimi kibodi ikifeli kwenye ng'ombe narudisha, hata wanipunguzie.

Natumia hivi vitu tangu 2019. Ni katibu wa kikoba chetu mtaani, kila Jumapili naandika nani kaleta hisa ngapi na nani rejesho lake limelala, afu katikati ya wiki nachapa ripoti za watu kwa ujira. Laptop nzuri hela sina, tableti ninayo, kwa hiyo kibodi ndo ofisi yenyewe.

Kabla ya bei, modeli kwanza. Muuzaji akikuuliza "tableti yako inchi ngapi?" ukamjibu "kumi", hapo umeshaanza kupigwa. Chukua mfano wa Samsung Galaxy Tab A7 na Tab A8, moja inchi 10.4 na nyingine 10.5, ukizitazama unaona ni zile zile, lakini A8 imenenepa upana kwa zaidi ya milimita 4, kava ya A7 haiingii hata uibembeleze. Ingia kwenye setingi, mwishoni kabisa pale pa kuhusu tableti, soma namba: SM-T505 ni A7, SM-X205 ni A8 ya laini, SM-X210 ni A9+ ya Wi-Fi, ambayo ni inchi 11 na wala usiichanganye na A9 tupu ambayo ni kadogo ka inchi 8.7. Kwa wenye iPad, kizazi cha 7, 8 na 9 vyote ni inchi 10.2 na vinavaa kava moja, ila cha 10 kilichotoka 2022 umbo lilibadilika kabisa, hakivai. Piga picha hiyo namba, mwoneshe muuzaji, usimsimulie.

Haya, namba moja kwangu: kava iliyotengenezwa kwa modeli yako, yenye kibodi ya Bluetooth inayoshikwa na sumaku na unaweza kuing'oa. Niliyonayo sasa nilitoa elfu 55 baada ya kuvutana sana, alianzia 80. Raha yake ni kule kung'oka. Mezani naikalisha tableti mbali kidogo na kibodi naivuta karibu, kwenye daladala naacha kibodi kwenye begi nasoma tu, na kibodi ikifa (itakufa, batani ya A na ya nafasi ndo huanza) kava inabaki kava, sijatupa vyote. Sumaku yenyewe ijaribu hivi: funga kava, ishike kwa upande wa tableti, tikisa kama unakung'uta mkeka. Kibodi ikidondoka hapo dukani basi siku ya kwanza ya mwendokasi itadondokea miguuni mwa watu.

Ubaya wake mkubwa ni mapajani. Kava za aina hii nyingi zinasimama kwa kukunja mgongo, zinataka meza, tena meza yenye nafasi, ukiziweka juu ya paja zinaanguka kichalichali. Kama wewe kazi zako ni za kukaa kwenye benchi la hospitali unamsubiri mgonjwa huku unaandika, ruka hii nenda namba tatu.

Namba mbili watu wengi hawaifikirii kabisa, nayo ni kuachana na kava yenye kibodi ununue kibodi ya peke yake na kava ya kawaida inayosimama. Logitech K380 kwa mfano ina gramu 423, inatumia betri mbili ndogo za AAA ambazo kampuni inasema zinafika miezi 24, na inakumbuka vifaa vitatu, unabonyeza batani moja unaandika kwenye simu, nyingine unarudi kwenye tableti. Batani zake ni za ukubwa wa kweli na ng'ombe inaandikika bila shida. Bei yake inazidi laki, ndo maana nimeiweka ya pili, ila ukibadilisha tableti mwakani kibodi inahama na wewe, na zile za kava hazihami. Kuna na kaka yake K480 yenye mfereji wa kuchomekea tableti, inasimama vizuri sana lakini ina gramu 820, yaani nzito kuliko tableti yenyewe. Hiyo iwe ya nyumbani.

Namba tatu ni zile za bawaba, za plastiki ngumu au bati, ukiifungua inaonekana kilaptop kabisa na watu wanakuuliza umenunua wapi. Zinakaa mapajani vizuri. Ila tableti ndo yenye uzito juu, kibodi chini nyepesi, kwa hiyo aidha wameongeza chuma chini ili isipinduke, na sasa umebeba kilo na ushee, au hawajaongeza na ukigusa kioo tu inalala chali. Na bawaba zikilegea hakuna fundi, nimejaribu gundi ya aina zote.

Original za kampuni zenyewe siwezi kuziita mbaya. Ile ya Apple ya iPad kizazi cha 10 haitaki chaji wala Bluetooth, inakula umeme wa iPad kupitia vidoti vya chuma, unaigusisha inafanya kazi. Lakini ilitoka kwa dola 249, jamani, kuna watu tableti nzima hawakutoa hiyo. Na kwa wenye Samsung za A msijisumbue kutafuta ya vidoti, hizo ni za familia ya Galaxy Tab S, za kwenu hazina pa kugusishia.

Ya mwisho, na hii nawaomba: zile za ngozi bandia zenye kulabu nne za kona, "inaingia tableti yoyote". Ndo niliyoanza nayo 2019. Kulabu moja ilikaa juu ya batani ya sauti, kila nikiifunga inabonyeza, nikifungua nakuta sauti iko mwisho, siku moja kwenye kikao cha kikoba taarabu ikalipuka wakati mwenyekiti anaomba dua. Nilirudi dukani nikaambiwa nihamishe kulabu. Ikihamishwa inakaa juu ya kamera. Zingine zina waya wa kuchomeka, zinanyonya chaji ya tableti na tundu la chaji linakuwa na kazi tayari, kwa hiyo ukiandika huchaji.

Tachipedi, ile sehemu ya kupapasa kuendesha mshale, usiilipie zaidi kama hela ni ya mawazo. iPad zinakubali tangu iPadOS 13.4 ya 2020 na Android zinakubali, sawa, lakini kwenye kava ndogo inakula nafasi ya batani, wakati kioo kiko hapo hapo unakigusa. Mwenye A9+ pekee ndo namwelewa, sababu ile ina DeX, mtindo wa Samsung wa kufanya skrini iwe kama ya kompyuta, na ikifunguka hivyo mshale unahitajika.

Chaji nayo iangalie. Tundu linaweza kuwa la USB-C zuri tu, lakini nyingi za bei rahisi ukichomeka waya wenye C pande zote mbili, hizi chaji mpya za kasi, haziingizi hata kidogo, unadhani imekufa. Tumia waya wa zamani wenye ile USB pana upande wa chaji. Wangapi wametupa kibodi nzima kwa hilo sijui.

Kuunganisha mara nyingi ni Fn na C, kitaa kinapepesa, unaitafuta kwenye Bluetooth. Wenye iPad, ukianza kuandika "kama" ikakuwekea "karma", ingia setingi za kibodi wakati kibodi imeunganishwa, pana sehemu ya kibodi ya nje, zima kujisahihisha.

Na usisahau kuizima ukimaliza. Juzi mama alichukua tableti sebuleni amwandikie dada mmoja wa Tanga, akanipigia kelele imeharibika, herufi za kubonyeza hazitokei kwenye kioo, na ni kweli hazitokei. Nimekagua, nimezima nimewasha, jasho. Kumbe kibodi iko chumbani kwangu ndani ya begi, imewaka, tableti inaamini tunaandikia huko. Nikamwambia subiri kidogo naitengeneza, nikaenda chumbani nikaizima.